Mikono inatetemeka, usingizi hauji: dalili za mwili baada ya kuacha pombe na la kufanya kwa kila moja

Mwongozo huu ni wa watu wawili: anayeacha pombe, na anayelala chumba cha pili akimsikia anavyogaragara. Huku Unguja na Pemba huyo wa pili mara nyingi ni mama, mke au dada, na yeye ndiye anayeamua kama mgonjwa atapelekwa hospitali au atafichwa ndani mpaka yapite. Dalili zimepangwa kwa namna zinavyoelezwa majumbani. Chini ya kila moja, sababu inayotokea zaidi imetangulia.

Kabla ya yote: hesabu saa

Glasi ya mwisho ilikuwa lini? Hilo ndilo swali la kwanza, na bila jibu lake mengine yote ni kubahatisha.

Pombe hupooza ubongo. Kwa anayekunywa kila siku, ubongo hujizoesha kujichochea zaidi ili aweze kusimama na kufanya kazi zake. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiondoka ghafla, mwenziwe huingia mzimamzima. Arosto ya pombe ni huo ubongo uliobaki unasukuma peke yake, ndiyo maana moyo unakwenda mbio, jasho linatoka na mikono haitulii.

Chukua mtu aliyemaliza kunywa saa nne za usiku wa Jumamosi. Mikono huanza kutetemeka Jumapili, baina ya saa kumi za alfajiri na saa nne za asubuhi. Hatari ya kuanguka kifafa huanza hapo na kuendelea mpaka Jumatatu usiku. Maruweruwe, yaani kuona au kusikia visivyokuwepo, yakija, mara nyingi huanza Jumapili hiyo hiyo. Kuweweseka kule kunakoua, mtu akichanganyikiwa mpaka asijue alipo, huja baina ya Jumatatu usiku na Jumatano usiku. Kwa wengi kilele ni siku ya pili na ya tatu, na wiki ikitimia mwili huwa umetulia. Kwa hiyo mgonjwa akisema asubuhi ya pili kwamba amepata nafuu, msitawanyike.

Wapo ambao hawafai kuachia nyumbani hata kidogo: aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha zamani, anayelazimika kuzimua kila asubuhi ndipo mikono itulie, mjamzito, mwenye kisukari, maradhi ya moyo au ini, anayechanganya pombe na unga (heroini) au vidonge vya usingizi, na anayeishi peke yake. Hawa waonane na daktari kabla ya kuacha, waache chini ya uangalizi. Na kila mara mtu anapoacha ghafla kisha akarudia, arosto inayofuata huwa kali zaidi kuliko iliyopita. Aliyepita salama mwaka juzi asijione ana kinga.

Wengine huuliza kama wanaweza kupunguza kidogo kidogo mpaka siku ya miadi na daktari. Kwa anayekunywa sana kila siku, hilo ni salama kuliko kukata ghafla, na madaktari wenyewe hulishauri. Tatizo ni gongo. Bia imeandikwa nguvu yake kwenye chupa, lakini gongo la leo si la jana, hata likitoka kwa mpishi mmoja, na tembo la mnazi la asubuhi si sawa na lililolala. Huwezi kupunguza kitu usichoweza kukipima. Anayekunywa gongo asifanye hesabu hizo chumbani, aende hospitali mapema.

Dalili: mikono inatetemeka, jasho, moyo unakwenda mbio

Sababu ya kwanza ni arosto yenyewe, hasa kama saa zinalingana na hesabu ya hapo juu. Ya pili ni sukari kushuka: walevi wengi hawajala chakula cha maana kwa siku kadhaa, na pombe huzuia ini kutoa sukari yake. Ya tatu ni kukaukiwa maji. Ya nne ni homa, na hapa watu hupotea sana, kwa sababu kutetemeka na kutoka jasho ni sura ya malaria. Malaria Zanzibar imepungua mno, lakini haijaisha, na msafiri aliyetoka Bara anaweza kuwa nayo. Ya mwisho ni kahawa. Anayeacha pombe hukimbilia baraza la kahawa kwa kuwa ndiko kuliko na watu na hakuna pombe. Jambo zuri hilo, lakini vikombe vitano vya kahawa chungu juu ya moyo ambao tayari unakimbia havisaidii. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi.

Anza na vipimo vya nyumbani. Mpe kitu chepesi chenye sukari: uji wa mchele, chai ya maziwa na boflo, ndizi. Ikiwa kutetemeka kumetulia ndani ya nusu saa, sukari ilikuwa na mkono wake. Kama ana kisukari na kipimo kipo nyumbani, mpime. Mwekee kipimajoto kwapani. Joto likifika 38 au zaidi, usiseme ni arosto tu, mpeleke apimwe malaria na kifua kisikilizwe, kwani nimonia nayo huwapenda wanywaji. Kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima akiwa amelala ametulia.

Kutetemeka kidogo, mapigo chini ya 100, anakula na anazungumza vizuri: anaweza kubaki nyumbani mradi kuna mtu naye mchana na usiku. Mapigo yanazidi 100 akiwa amelala, mwili mzima unatetemeka, nguo zinaloa, au hali inazidi kila baada ya saa chache: hospitali, leo hii. Dawa ipo na inafanya kazi. Hospitali hutumia diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, au dawa za ukoo wake, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku.

Diazepamu hiyo hiyo ukiinunua mwenyewe dukani ukaimeza kwa kukisia, na hasa ukiichanganya na pombe au unga, inaweza kukuzimia pumzi usingizini. Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo ni ya kuepukwa kabisa siku hizi za kuacha, kwa sababu huongeza uwezekano wa kuanguka kifafa. Piritoni ambazo watu humeza ili wapate usingizi nazo si za wakati huu.

Na neno kwa wenye kazi za juu na za majini. Mkwezi, mgema, mchumaji karafuu: usipande mti siku hizi za mwanzo. Mvuvi: usitoke na ngalawa. Kifafa cha arosto hakibishi hodi, na kinaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake.

Dalili: kichefuchefu, kutapika, tumbo linauma

Mara nyingi ni arosto pamoja na tumbo lililochubuliwa na pombe. Chanzo kingine ni chakula: mtu hajala siku mbili, halafu anaanza na urojo wenye pilipili na ukwaju. Mpe vyakula visivyo na ukali, kidogo kidogo.

Maji ndiyo kazi kubwa. Madafu ni mazuri. Chumvichumvi za pakiti (ORS) ni nzuri zaidi, na zikikosekana tengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe vifundo vidogo kila baada ya dakika chache, kwa sababu akiigugumia glasi nzima itarudi yote. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, bado hajanywa ya kutosha.

Maumivu makali ya chembe cha moyo yanayopenya mpaka mgongoni, yakizidi anapolala chali, yanaweza kuwa kongosho limevimba. Matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, na choo cheusi kama lami, ni damu inavuja ndani. Macho ya manjano ni ini. Haya matatu hayana tiba ya nyumbani, na mwenye lolote kati yake asingojee asubuhi.

Dalili: kichwa kinauma, macho hayaoni vizuri

Kichwa peke yake, siku ya kwanza na ya pili, ni cha kawaida: maji, chakula, giza. Parasitamoli inafaa lakini kwa kiasi kidogo, kwa sababu ini la mnywaji limeshachoka. Vidonge 4 vya miligramu 500 kwa saa 24 ndio mwisho wake, na mwenye macho ya manjano asimeze hata kimoja kabla ya kuonana na daktari. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinaweza kulichubua tumbo mpaka livuje damu.

Kichwa pamoja na macho ni jambo jingine. Mtu akisema anaona ukungu, anaona weupeweupe, au taa zinamchoma, na alikunywa gongo au pombe isiyojulikana ilikotoka, fikiria methanoli, spiriti yenye sumu. Sumu hii hukawia: mara nyingi dalili huja saa 12 mpaka 24 baada ya kunywa, wakati ule ule ambapo kila mtu anadhani ni arosto. Hufuatiwa na tumbo kuuma na kuhema haraka haraka. Inapofusha na inaua. Maziwa, madafu, kumtapisha: yote ni kupoteza muda. Mkimbizeni, na waliokunywa naye watafuteni pia, hata kama bado wanacheka maskani.

Dalili: ameanguka na kukakamaa

Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza kola, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni wala kumkandamiza viungo, na usimwagie maji au kumnusisha kiatu. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa kwa muda. Kaa naye, usimpe cha kunywa mpaka aweze kukujibu sawasawa.

Kisha hospitali, hata kama amesimama na kusema hana kitu. Sababu iliyo mbele ni arosto, lakini nyuma yake zipo nyingine zinazohitaji kutazamwa: sukari kushuka, kichwa kilichogonga mahali wakati wa ulevi na damu ikaganda ndani, kifafa cha zamani ambacho dawa zake zimeachwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukija wa pili kabla hajazinduka, ni hatari ya maisha hapo hapo.

Kifafa kilicholetwa na arosto peke yake kwa kawaida hakihitaji dawa za kifafa za maisha yote. Lakini daktari asipoambiwa habari ya pombe, atajuaje? Mtu huandikiwa dawa za kifafa, mtaa mzima unamjua ni mgonjwa wa kifafa, na pombe iliyokuwa chanzo haijatajwa na yeyote.

Dalili: anaona watu, anasikia sauti, anaongea peke yake

Hapa ndipo Zanzibar inapoteza muda mwingi kuliko pengine popote. Kijana anayapangusa mashuka akisema yamejaa sisimizi, au anamwona mtu pembeni mwa kabati. Familia inajua la kufanya: anaitwa wa kuzingua, inasomwa Qur-ani, linaandikwa kombe, pengine anatafutwa mganga wa kumsemesha jini. Sikatazi kisomo, na sina haja ya kubishana na mtu kuhusu majini. Ninachosema ni kwamba kisomo hakizuiliwi na kitanda cha hospitali, na saa haziwasubiri.

Jiulize kwanza kama anajua alipo. Mwulize jina lake, leo ni siku gani, hapa ni nyumba ya nani. Akijibu sawasawa na huku anaona sisimizi, haya ni maruweruwe ya arosto. Bado anahitaji daktari siku hiyo hiyo, lakini mna nafasi ya kujipanga. Asipojua alipo, haijui siku, anapigana na watu wasiokuwepo, mwili unawaka na jasho linamtiririka, huko ndiko kuweweseka kwenyewe. Hali hii isipotibiwa huua kwa moyo, kwa joto au kwa chumvi za mwili kuvurugika. Huyu hangojei kisomo kiishe.

Mkiwa njiani au mnangoja gari: taa iwashwe, maana giza na vivuli humwongezea, awepo mtu mmoja wa kumsemesha, anayemjua, kwa sauti ya chini, si ukoo mzima. Asifungwe kamba wala minyororo, kwa kuwa anayepigana na kamba moyo wake huzidi kukimbia na joto hupanda. Asifukizwe katika chumba kilichofungwa. Asinyweshwe kombe wala chochote akiwa hajitambui, kitakwenda kwenye mapafu.

Sababu nyingine, zikiwa nyuma ya arosto: homa kali ya malaria au ya ubongo, jeraha la kichwa, bangi au dawa nyingine, na maradhi ya akili yaliyokuwepo tangu zamani. Wa namna hii ya mwisho kwa kawaida haanzi ghafla siku ya pili baada ya kuacha pombe.

Dalili: anayumba kama amelewa, na hajanywa

Wengi husema amekunywa kwa siri. Huenda. Lakini kama hana harufu, anayumba, macho yanachezacheza au hayaendi pamoja, na kumbukumbu zinamtoka, huo ni ubongo uliokosa vitamini B1. Pombe huizuia isifyonzwe, na mlevi asiyekula haipati hata kidogo. Siku chache za kuchelewa zinaweza kumwachia upotevu wa kumbukumbu usioponyeka.

Familia nyingi hufika kituo cha afya na kudai dripu. Dripu ya sukari ikitangulia kwa mtu asiye na B1, hali inaweza kuharibika zaidi. Mwambieni anayehudumia kwamba mgonjwa ni mnywaji wa kila siku na hajala, ili sindano ya B1 itangulie au iende pamoja na dripu. Vidonge vya vitamini B vya dukani si badala ya sindano kwa aliyefikia hapa, ingawa kwa anayeacha akiwa na hali nzuri vinafaa.

Dalili zinazoanza na Ramadhani

Hili lina msimu wake. Watu hunywa siku za vunja jungu, mwezi unaandama, wanaacha usiku mmoja. Nia njema kabisa. Siku ya kwanza ya mfungo, mchana, wanatetemeka na kutoka jasho, na kila mtu anadhani ni njaa na uchovu wa saumu. Siku ya pili mmoja anaanguka.

Namna ya kutofautisha: mtetemo wa njaa hutulia muda mfupi baada ya kufuturu. Wa arosto hautulii, pengine unazidi usiku. Aliyefuturu vizuri na bado kikombe kinamtetemeka mkononi saa tatu usiku, hiyo si saumu.

Saa 13 hivi bila maji, juu ya kutapika na jasho la arosto, ni mzigo mkubwa kwa moyo na figo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184. Wengi huiona ruhusa hiyo ni ya wenye maradhi ya heshima tu, na ya pombe wanaona haya kuidai. Zungumza na daktari, na sheikh unayemwamini ukitaka, lakini zungumza Shaaban ikiwa bado mbichi. Anayejua kwamba atataka kuacha kwa ajili ya mwezi mtukufu aanze wiki kadhaa kabla, arosto imwishie kabla ya mwezi kuandama.

Ukifika hospitali, useme nini

Kwa Unguja, dharura ya kifafa, damu au kuweweseka iende hospitali yenye huduma za dharura kama Mnazi Mmoja. Hospitali ya Kidongo Chekundu ndiko kuliko na wataalamu wa akili na uraibu, na kuna watu hawataki hata kuonekana getini wasije wakaitwa wendawazimu. Kuacha kwa mpango kunafanyika huko vizuri zaidi kuliko chumbani. Kwa Pemba zipo Abdalla Mzee pale Mkoani, Chake Chake na Wete. Walioko Kojani, Fundo au Tumbatu wapange mapema: siku tatu za mwanzo mgonjwa awe upande wenye barabara, kwa jamaa, asije akaanguka usiku wa upepo na mashua haivuki.

Msimlete kwa kusema "ana homa tu, dokta". Sema anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, kwa miaka mingapi, mara ya mwisho saa ngapi, aliwahi kuanguka au kuweweseka, na anatumia dawa gani nyingine. Kama ni gongo, sema gongo. Daktari anauliza ili ajue kipimo cha dawa, na siri ya mgonjwa ni wajibu wake. Kama mama yuko chumbani na mgonjwa anaona haya, mama atoke kidogo. Mwanamke anayekunywa kwa siri, na wapo, aombe kuzungumza na muuguzi peke yake.

Dalili zinazobaki baada ya wiki

Usingizi ndio wa mwisho kurudi. Wiki kadhaa za kukatikakatika, ndoto nzito, kuamka saa nane za usiku mtu amelowa: ni kawaida, na hutulia bila vidonge. Alale na kuamka saa zile zile, asilale mchana kutwa, kahawa iishie adhuhuri. Hasira na unyonge navyo huja na kuondoka. Unyonge ukifika mahali pa kusema afadhali kufa, arudishwe hospitali siku hiyo na asiachwe peke yake.

Uvumilivu wa mwili kwa pombe hushuka haraka. Anayerudia baada ya wiki chache kwa kiasi kile kile cha zamani anaweza kuzimia au kufa nacho. Akirudia, familia ijue hilo, na asiachwe alale chali.

Ganzi na kuchomachoma nyayoni ni mishipa ya fahamu iliyokosa vitamini kwa miaka. Hupungua polepole, kwa miezi, kwa chakula na vitamini B, na si kila mtu hurudia hali ya zamani. Apimwe na sukari, kwani kisukari huleta ganzi ile ile. Wakati huo akishuka pwani avae viatu, na kila usiku akague nyayo kwa macho, maana mwiba wa baharini ukimchoma hatausikia.